Folda tupu, faili za KB 0: siku zangu saba za kutoa picha kwenye simu

Simu yangu ilianguka kioo kikapasuka, na kabla sijaipeleka kwa fundi nikasema nitoe picha zote kwanza. Zilikuwa 2,300 na ushee, za miaka mitatu, pamoja na video. Nilijitengea saa mbili za Jumamosi. Kazi ikanila siku saba, na katika hizo siku saba nimegundua kwamba watu tunaosema "picha zimehamia kwenye kompyuta lakini ni tupu" hatuzungumzii ugonjwa mmoja. Mimi peke yangu niliugua minne.

Wa kwanza ulikuwa kebo, nao haustahili maneno mengi. Nilichomeka, alama ya chaji ikawaka, kompyuta ikakaa kimya kama haijaguswa. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Ile niliyoikamata ilikuja na taa ya mezani, ya kuchajia tu, nyaya za data hazimo. Kwa nje huwezi kuijua. Sasa nimeifunga fundo dogo la uzi mwekundu ili isinipate tena.

Kebo ya pili, kompyuta ikalia, jina la simu likatokea, nikabofya mara mbili. Folda hii ni tupu. Nikabofya tena, kana kwamba ilikuwa inatania. Nikachukua simu ya mke wangu, nikampigia kaka yake, ambaye kompyuta ndiyo kazi yake.

"Shemeji, picha zote zimefutika."

"Zimefutika wapi? Kwenye simu huzioni?"

"Kwenye simu asubuhi nilikuwa naziona. Kwenye kompyuta ndiyo hakuna kitu."

"Simu umeifungua?"

"Imewaka, mbona."

"Sikuulizi kuwaka, shemeji. Umeweka kidole ukaingia mpaka ndani?"

Nilikuwa sijaweka.

Kumbe tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ukiichomeka kwenye kompyuta hujiona inachajiwa tu. Ni ulinzi: mtu asiokote simu yako akaichomeka na kujichotea. Inabidi ufungue skrini, uteremshe arifa kutoka juu, uguse pale panaposema kifaa kinachaji kwa USB, kisha uchague kuhamisha faili. Hapo hapo utakuta chaguo jingine, PTP, linaloifanya simu ijitambulishe kama kamera. Ukilichagua hilo, picha za kamera unaziona lakini mafaili mengine mengi yanabaki yamefichwa. Upande wa iPhone swali ni kama unaiamini kompyuta hii. Usipolijibu, au simu ikiwa imejifunga, folda ya DCIM, yaani ile ya picha za kamera, unaikuta nyeupe.

Nilipochagua kuhamisha faili, picha zikamwagika. Karibu zote. Zile za WhatsApp sikuziona, nikaanza upya kuhema. Shemeji akaniambia nisizitafute DCIM, kwani tangu mabadiliko yaliyokuja na Android 11 zinakaa ndani kabisa: Android, halafu media, halafu com.whatsapp. Nikazikuta zimetulia huko. Na picha chache nilizokuwa nimezihamisha asubuhi ile kutoka folda moja kwenda nyingine hazikuonekana popote mpaka nilipozima simu na kuiwasha.

Hapa inafaa kujua namna mambo yanavyokwenda ndani, maana ningeijua mapema nisingepoteza Jumapili. Zamani simu ilikuwa ikijifanya diski: ukichomeka, kompyuta inaingia na kusoma yenyewe. Kuanzia zama za Android 3.0, mwaka 2011, simu zikaanza kuhamia kwenye utaratibu uitwao MTP. Kwenye MTP kompyuta haiingii ghalani. Inasimama dirishani na kumwomba karani, yaani simu, na karani anasoma kwenye daftari lake. Picha ambayo haijaandikwa daftarini, kwa kompyuta haipo, hata kama iko rafuni inaonekana kwa macho. Kuzima na kuwasha simu kunamlazimisha karani ahesabu mali upya. Karani huyu pia ni wa taratibu, anahudumia mteja mmoja mmoja. Ukimwagizia vijipicha vya faili elfu mbili kwa mpigo anaduwaa, na skrini yako inajaa vibandiko vyeupe ambavyo si picha tupu, ni picha ambazo zamu yake haijafika. (Wenye Windows zile za toleo la N wanapata taabu ya ziada: MTP haifanyi kazi mpaka wapakue kifurushi cha media kutoka Microsoft.)

Nikabadilisha mwonekano wa folda kutoka vijipicha kwenda orodha yenye safu ya ukubwa. Kama kuna jambo moja nililofanya kwa akili wiki ile, ni hilo. Ile safu ndiyo iliyonionyesha ugonjwa wa tatu na wa nne, ambao kwa macho ulikuwa unafanana kabisa.

Nilikopi zote, kisha nikapanga kwa ukubwa, ndogo juu. Faili sita za kwanza ziliandikwa KB 0. Hizo sikuhangaika nazo sana. Tundu la kuchaji la simu yangu limelegea, kebo ikitikisika kidogo tu mawasiliano yanakatika, na kila yalipokatika faili iliyokuwa njiani ilibaki jina tupu. Nilizihesabu zile nyakati kompyuta ilipolia mlio wa kuachana na simu: sita. Nikazikopi tena sita zile nikiwa nimeilaza simu juu ya kitabu bila kuigusa, zikaja nzima. Lakini hebu fikiria ningekuwa nimetumia kukata badala ya kukopi! Sijui nani alikuja na wazo la kumruhusu binadamu kukata na kubandika kwa kebo iliyolegea.

Halafu zikabaki nyingine 41. Hizi zilikuwa na ukubwa wake kamili, MB 3, MB 4, jina sawa, tarehe sawa. Karibu zote ukizifungua, kompyuta inasema haiwezi kuisoma faili hii. Nikazikopi tena, vilevile. Nikabadilisha kebo, vilevile. Hapo nilianza kuilaumu kompyuta waziwazi, nikisema imeziua picha za mwanangu alipoanza kutembea, kwa sababu kwenye simu nilikuwa naziona! Nikafungua simu kumwonyesha mke wangu. Kwenye gridi zilikuwepo zote, ndogo ndogo, zinang'aa. Akagusa moja ili aikuze.

Kijivu.

Akagusa ya pili. Kijivu.

Tulikuwa tunatazama vivuli. Programu ya picha kwenye simu hutengeneza kijipicha na kukihifadhi pembeni, ili gridi ifunguke haraka. Picha yenyewe ikifa, kijipicha kinaendelea kutabasamu. Kompyuta haikuua mtu. Yenyewe ilileta tu taarifa ya msiba uliokwisha kutokea miezi kadhaa nyuma, nasi tukataka kumpiga mleta taarifa.

Shemeji akanielekeza nifungue mojawapo kwa HxD, programu ya bure inayoonyesha baiti zilizomo ndani ya faili. Picha ya JPEG lazima ianze na FF D8. Picha nzima niliyoifungua kwanza ilianza hivyo, ikafuatiwa na msitu wa herufi na namba. Ile mbovu ilikuwa 00 00 00 00, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. MB 3.4 za sifuri. Nimewahi kuona vitu vya kusikitisha kwenye kompyuta, lakini ule ukurasa wa sifuri ulinikaa.

Chanzo kilikuwa kadi ya memori. Niliiongeza kwenye simu ili kamera ihifadhi huko, imeandikwa GB 128, na simu yenyewe ikaamini hivyo. Kadi za namna hii zimechezewa: kile kidude kinachoiongoza kimepangwa kidanganye ukubwa. Ukiandika ndani ya uwezo wake wa kweli, yote salama. Ukivuka, inapokea, inasema imehifadhi, na inatupa. Jina la faili linaandikwa kwenye orodha ya kadi, kilichomo hakiandikwi popote. Ndiyo maana picha zangu za zamani zilikuwa nzima na zilizoharibika zote ni za miezi ya mwisho.

Tukajaribu kuziokoa. Nilitoa kadi kwenye simu, nikaiweka kwenye kisomea kadi, maana kwa MTP programu za uokoaji hazifiki chini kabisa ya kadi, karani hawaruhusu kuingia ghalani. Nikatumia PhotoRec. Ni ya bure, sura yake ni maandishi meupe juu ya weusi, na itakutisha mara ya kwanza, lakini inafanya kazi kwa uaminifu: haijali majina ya faili, inapita kwenye kadi yote ikitafuta alama za mwanzo wa picha na kuzikusanya. Sharti moja, usihifadhi inachokipata kwenye kadi hiyohiyo. Baada ya saa kadhaa ilinirudishia picha zaidi ya 300. Nikaruka. Kisha nikazitazama: zilikuwa zile nilizozifuta mwenyewe kwa makusudi zamani, vidole vilivyoziba lenzi, risiti, picha tisa za kiatu kimoja. Kati ya zile 41, hata moja nzima haikuwemo. PhotoRec siilaumu, inafufua kilichofutwa. Hizi hazikuwahi kuandikwa.

Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, nikaipima kadi kwa H2testw, ambayo huijaza kadi data mpaka pomoni kisha kuisoma tena ione kama kilichoingia ndicho kinachotoka. (Kwenye Linux na Mac watu wanatumia F3.) Kadi ya GB 128 ina GB 29 na kidogo. Aliyeniuzia simtaji hapa.

Wokovu ulitoka nisikokutarajia. Mke wangu akakumbuka kwamba mtoto alipoanza kutembea tulituma picha kwa kila mtu. Dada yangu hafuti kitu kwenye simu yake, na kwa miaka tumemcheka kwa hilo. Alikuwa na 17. Zimebanwa, upande mrefu kama pikseli 1600 badala ya 4000 za kamera, ukizikuza sana zinaanza kuchubuka. Nimezipokea kwa mikono miwili.

Mwisho wa wiki, simu ya mke wangu, nayo tukaitoa picha tukiwa na uoga. Vibandiko vyeupe tupu! Ila safu ya ukubwa ilisema MB 2 kila moja na mwisho wa jina ni HEIC. Huo ni mtindo wa kuhifadhi picha ambao iPhone inautumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na Windows yetu ilikosa tu kiongezo cha kuusoma, kiitwacho HEIF, ambacho ni cha bure kwenye duka la Microsoft. Dakika tano. Kama picha zako ziko kwenye wingu na umeruhusu simu ibaki na nakala nyepesi, hilo ni jingine: za ukubwa kamili hazimo kwenye simu, zichukue hukohuko winguni.

Nikiulizwa sasa natumia nini, ni LocalSend. Unaiweka kwenye simu na kwenye kompyuta, vyote viwe kwenye Wi-Fi moja, unachagua picha, unatuma. Haihitaji bando wala kujisajili. Tundu langu lililolegea halina nafasi ya kuniharibia. Kasoro yake ni kwamba Wi-Fi ya wageni mara nyingi hairuhusu vifaa kuonana, na hapo utakaa unatazama skrini inayotafuta bila kupata. Naipa nyota nne na nusu. Kebo na MTP nazipa tatu, na zote tatu ni za kebo. PhotoRec nne, moja nimeikata kwa sababu ya ile sura. Safu ya ukubwa kwenye orodha ya faili, kama ingekuwa bidhaa, ningeipa tano.

Na bado kabla ya kufuta chochote kwenye simu nahesabu idadi pande zote mbili, napanga kwa ukubwa, nafungua kumi za mwisho nikizikuza mpaka ukutani.

Moja kati ya zile 41 ilikataa kufa kabisa. Nadhani iliangukia pale pale mpakani, GB 29 zilipokwisha. Theluthi ya juu imetoka safi kuliko picha zote nilizowahi kupiga: nywele za mwanangu, paji la uso, mkono mmoja umeinuliwa juu kutafuta mizani. Kuanzia machoni kwenda chini ni kijivu kitupu, hatua yenyewe haimo. Mke wangu ameiweka kwenye skrini ya simu yake.