Kompyuta Ndogo za Mfumo Huria: Ipi Ununue Unguja na Pemba

Anayetafuta kompyuta ndogo ya kuendeshea Linux, mfumo endeshi huria, skuli au dukani huuliza kwanza bei na kasi ya prosesa. Mimi naanza na butiloda, yaani programu inayoiamsha mashine na kuuita mfumo endeshi, kwa sababu umeme wetu hukatika bila ya taarifa na kadi ya kumbukumbu ndiyo inayoumia.

Nafasi ya kwanza naipa Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019. Butiloda yake imo katika chipu kwenye bodi yenyewe, ilhali Pi 3 kwa kawaida huisoma kutoka kwenye kadi. Kwa hiyo kadi ikifa, Pi 4 yenye butiloda ya karibuni huweza kuwaka kwa diski ya USB. Hata butiloda hiyo ikiharibika, faili la recovery.bin likiwekwa kwenye kadi huiandika upya, na taa ya kijani ikimetameta haraka bila kukoma, kazi imekwisha.

Ya pili ni Orange Pi yenye chipu ya Allwinner, ambayo mara nyingi ni nafuu zaidi lakini inadai uangalifu. Ikiwashwa kwa kadi, chipu hutafuta programu fupi iliyoanzia kilobaiti 8 kutoka mwanzo wa kadi. Wakati huo RAM bado haijaamka, ndiyo maana programu hiyo lazima iwe ndogo ya kuenea ndani ya chipu, iiamshe RAM, kisha iite U-Boot, yaani butiloda kamili, nayo ipakie keneli, kiini cha mfumo endeshi, pamoja na faili linaloieleza keneli vifaa vilivyomo kwenye bodi. Ukinakili mafaili tu kama unavyonakili picha, skrini itabaki nyeusi. Imeji nzima, yaani nakala kamili ya kadi iliyo tayari, ndiyo inayoandikwa kwenye kadi. Kabla ya kulipa, hakikisha Armbian, Linux iliyoundwa kwa bodi ndogo kama hizi, inaiunga mkono modeli hiyo khasa, kwani faili la modeli nyengine huenda lisiifae.

VisionFive 2, yenye prosesa ya aina huria iitwayo RISC-V, nawashauri wanaotaka kujifunza tu. Mac ya mtumba yenye PowerPC, prosesa ya zamani, naiweka mwisho: Debian, mojawapo ya aina za Linux, iliacha kuiunga mkono rasmi PowerPC ya biti 32 tangu toleo la 9, mwaka 2017.

Kwa Orange Pi, nunua pia waya wa USB wa kusomea ujumbe wa butiloda, wa volti 3.3, kwani wa volti 5 huweza kuiunguza bodi. Kasi yake ni biti 115200 kwa sekunde. Aliyeko Wete au Mkoani auagize pamoja na bodi, katika mzigo mmoja.