Saanane au Rubondo kwa Matembezi ya Kuongozwa?

Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa zilizo visiwani katika Ziwa Victoria, Tanzania. Kwa gharama na muda, Saanane haina mpinzani. Boti kutoka Capri Point, jijini Mwanza, huchukua dakika chache tu, na mwongozaji humzungusha mgeni kwa saa kadhaa kati ya majabali ambako pimbi huota jua, akieleza jinsi bustani ya wanyama ya mwaka 1964 ilivyokuja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013.

Rubondo, yenye kilomita za mraba zipatazo 457, inadai maandalizi ya kweli: kutoka Mwanza kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi, kupita Geita hadi Nkome, kisha kupanda boti, na upepo wa ziwa hauna ratiba. Hata hivyo, kwa somo la uhifadhi Saanane haifui dafu, kwa kuwa Rubondo kuna msitu mnene, nzohe (swala wa majimaji) wa asili, na sokwe wa vizazi vya wale walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960 wakafunzwa na msitu wenyewe kujitegemea. Kuwaona si hakika.

Mwenye watoto wadogo na Jumamosi moja aende Saanane. Mwenye likizo, akiba na miguu ya kutembea msituni aihesabie Rubondo angalau usiku mbili.