Nati za kufuli za rimu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Jirani yangu wa Tabata alitoka alfajiri akakuta Harrier yake imekalia matofali. Rimu nne za kiwandani zimekwenda na tairi zake, na nati ishirini zimetupwa mchangani pembeni ya gari. Nilipoziokota hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Hakuna kilichovunjwa, kwa sababu hakukuwa na cha kuvunja: spana namba 21 inayofungua nati za Toyota nyingi iko kwenye buti nyingi mjini. Mwizi alihitaji jeki na dakika chache tu.

Nati ya kufuli inaziba mwanya huo. Unaondoa nati moja ya kawaida kwenye kila gurudumu, unaweka moja yenye umbo ambalo spana ya kawaida hailiwezi, halafu unabaki na kifunguo chake, kipande kidogo kinachokaa kati ya nati na spana. Kwa gari la kawaida seti ni nati nne na kifunguo. Seti nzuri haifikii bei ya rimu moja orijino, kwa hiyo sioni sababu ya kubana senti hapa.

Angalizo la dukani: ukiomba "loki nati" Kariakoo, unaweza kupewa nati ndogo yenye plastiki ndani, ile inayozuia kulegea kwa mtikisiko. Sema "nati za rimu zenye ufunguo wake", kisha taja gari, mwaka, na kama rimu ni za kiwandani au za kununua. Hilo la mwisho wengi hulisahau, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote.

Nati ina mambo mawili yanayotangulia kufuli: uzi, yaani meno ya ndani, na kikalio, yaani sehemu inayokalia rimu. Ukikosea hapo umenunua hatari, maana mwizi anachukua rimu gari likiwa limesimama, lakini nati isiyokaa inaachia ukiwa barabarani.

Toyota nyingi ndogo na za kati, Honda, Mazda na Mitsubishi zinatumia stadi (vyuma vinavyoingia ndani ya nati) za unene wa milimita 12 zenye uzi wa 1.5, yaani milimita 1.5 toka jino hadi jino. Nissan, Subaru na Suzuki nyingi zinatumia milimita 12 kwa 1.25. Land Cruiser kubwa, kuanzia 100 na 200, ni 14 kwa 1.5. Ukikosa uhakika, chukua nati ya zamani na rula: ndani ya milimita 15 za uzi, 1.5 ina meno 10 na 1.25 ina meno 12. Au izungushe nati mpya kwenye stadi kwa vidole vitupu. Nati sahihi inaingia laini. Isiyo sahihi inakubali mzunguko mmoja au miwili halafu inagoma, na fundi mwenye mashine ya upepo ataulazimisha mgomo huo mpaka stadi iharibike.

Vikalio viko vya aina tatu. Kuna cha umbo la pia, yaani koni, chenye mteremko wa nyuzi 60, ambacho rimu nyingi za kununua hutumia, na pia Subaru, Nissan na Mazda. Kuna cha mviringo kama tufe, ambacho ni cha Honda. Na kuna bapa, nati yenye shingo inayozama kwenye tundu la rimu na washa pana juu yake. Hii utaikuta kwenye rimu za kiwandani za Toyota nyingi, hasa Land Cruiser. Ukiweka nati ya pia kwenye rimu ya kikalio bapa, inagusa ukingo mwembamba tu wa tundu. Itaonekana imekaza siku hiyo, na baada ya safari moja ya vumbi na makorongo itakuwa imelegea. Ndiyo maana nasisitiza: vua nati moja uliyonayo, nenda nayo dukani, ilinganishe na mpya kwa jicho.

Wenye Volkswagen, BMW na Mercedes wajue kwamba magari yao hutumia boliti, si nati. Kwa boliti, urefu nao lazima ulingane.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni nati yenye pete ya nje inayozunguka bure. Njia ya kawaida ya kushinda nati ya kufuli ni kugongea soketi juu yake kwa nyundo mpaka ing'ang'anie, halafu kuizungusha. Kwenye nati hii, soketi inashika pete, pete inazunguka, nati yenyewe haitikisiki. Kwa gari linalolala nje ya geti, hakuna aina nyingine ninayoipendekeza kabla ya hii. Kasoro yake ni unene. Matundu ya baadhi ya rimu za kiwandani ni membamba, na kifunguo nacho kinahitaji nafasi, kwa hiyo jaribu kabla hujalipa.

Namba mbili, na kwa wengi ndiyo itakayowafaa, ni nati ya chuma kigumu ya kipande kimoja, yenye mfereji mwembamba uliochongwa usoni kwa mchoro wa kujipinda. Kifunguo chake kina ukingo unaozama kwenye mfereji huo. McGard, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1964, inatengeneza aina hii na ile ya pete, na imekuwa ikizitengenezea pia kampuni za magari zenyewe. Ukinunua nati za kufuli orijino kwa wakala wa gari lako, uzi na kikalio vinakuwa vimeshamalizwa. Kama gari linalala ndani ya uzio, chukua hii ulale.

Namba tatu ni nati nyembamba zenye meno mengi pande zote. Zinauzwa seti nzima ya 20, zikiwa na rangi nzuri. Tatizo ni kwamba vifunguo vya meno hufanana toka seti moja hadi nyingine, na fundi tairi mwenye kazi nyingi anaweza kuwa na kinachoingia yako. Tena nyingi ni za kikalio cha pia, kwa hiyo hazifai rimu ya kiwandani ya kikalio bapa. Zinafaa rimu za kununua zenye matundu membamba, na zinamzuia kijana anayebahatisha tu.

Ya mwisho ni ile ya bei ya kutupa yenye tundu la pembe sita usoni, inayofunguliwa kwa ufunguo wa aleni. Ufunguo huo uko kila duka la vifaa. Iache. Na usikubali fundi akuchomelee nati au akusagie pembe zake: siku ya pancha utaikata kwa grainda, na rimu itakatwa nayo.

Kifunguo ndicho nusu ya ulichonunua. Boksi zuri lina kadi yenye namba ya kifunguo, ambayo ndiyo utakayoagizia kingine. Ipige picha siku hiyohiyo, kisha kadi ikae nyumbani, si garini. Mimi nilipata pancha karibu na Chalinze jua likizama, nikafungua mfuko wa vifaa, kifunguo hakipo. Fundi tairi mmoja wa Dar alikuwa amebadilisha tairi wiki iliyotangulia na kifunguo kilibaki kwenye soketi yake. Nati nne za gurudumu lile zilitoka, ya tano ikabaki inanitazama. Nilikaa pale mpaka saa nne usiku, mpaka alipopatikana mtu wa kuitoa kwa patasi na nyundo, na rimu ikabaki na kovu. Tangu hapo kifunguo kina utepe mwekundu, na sitoki kwa fundi kabla sijakishika mkononi.

Kufunga kwenyewe ni kwepesi. Iweke nati ya kufuli karibu na valvu kwenye kila gurudumu, ili uipate hata gizani. Anza kwa vidole, na ihesabu mizunguko: kwa uzi wa 1.5 isipungue minane, kwa 1.25 isipungue kumi. Kaza kwa spana ya mkono. Mashine ya upepo ndiyo inayovunja vifunguo. Kwa Toyota nyingi ndogo mkazo ni nyutoni-mita 103, gari lako lina wake kwenye kitabu. Usipake grisi kwenye uzi. Rudia kukaza baada ya kilomita kama 50 hadi 100.

Ukinunua gari lililotoka Japani, chungulia magurudumu kabla ya kumaliza malipo. Baadhi yanakuja na nati za kufuli tayari, na kifunguo huwa kwenye boksi dogo la dashibodi au chini ya zulia la buti karibu na jeki. Kisipokuwepo, dai punguzo au dai nati zitolewe kwa gharama ya muuzaji, maana kazi hiyo utaikuta mbele.

Usisahau gurudumu la akiba. Kwa Prado ambayo akiba inaning'inia mlango wa nyuma, tafuta nati ya tano inayolingana na stadi za pale. Kwa pikapu, ambako akiba imefungwa chini ya bodi, nati hizi hazikusaidii. Tumia mnyororo mzito na kufuli.

Kama tunavyochora namba ya gari kwenye vioo na taa, mwambie fundi aigonge namba hiyo kwenye rimu pia, upande wa ndani, siku ileile magurudumu yako chini kwa ajili ya nati. Chuma kikigongwa namba ikaingia, rangi haiifuti, na anayenunua rimu za mtumba hugeuza upande huo kutafuta nyufa kabla hajatoa pesa.