Globe ya London: kata tiketi ya kusimama

Mwenye nia ya kutazama mchezo wa kuigiza Globe, ukumbi wa tamthilia ulioko Bankside, London, kando ya mto Thames, lazima kwanza aamue: kukaa au kusimama. Asimame, hata kama pesa ya kiti anayo. Jengo lenyewe lilibuniwa hivyo, na biashara yake ya zamani ilimtegemea sana mtu wa kusimama.

Enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, mlangoni ulitumbukiza peni moja kwenye kisanduku cha mkusanyaji, ukaingia uani, mahali pasipo na paa wala kiti. Ukitaka kupanda roshani ulilipa peni ya pili. Ukitaka mto wa kukalia na pahali pazuri zaidi, ya tatu. Tazama sasa mgawanyo wake. Kwa kawaida peni za uani zilikwenda kwa kundi la waigizaji, na za roshani ziligawanywa nusu kwa nusu na wenye jengo. Globe ilipojengwa 1599, ndugu wawili wa ukoo wa Burbage walichukua nusu ya umiliki, na waigizaji watano, Shakespeare akiwa mmoja wao, wakagawana nusu iliyobaki. Waigizaji hawa walikula pande zote mbili, kama kundi na kama wenye jengo, lakini peni ya uani ndiyo iliyofika kwao bila kupunguzwa.

Jengo la leo, lililojengwa kwa mfano wa lile la zamani, lilifunguliwa 1997, si mbali na kiwanja cha lile la kwanza. Lina pande 20, fremu ya mwaloni iliyofungwa kwa vigingi vya mbao, na plasta ya chokaa, mchanga na manyoya ya mbuzi. Paa ni la matete, la kwanza kuruhusiwa London tangu moto mkubwa wa 1666. Vinyunyizio vya maji vilivyofungwa humo juu vina sababu yake: tarehe 29 Juni 1613, mzinga uliofyatuliwa wakati wa mchezo ulitia cheche kwenye paa la nyasi na Globe ya kwanza ikateketea yote. Waliojenga upya mwaka uliofuata waliezeka vigae.

Jukwaa limeingia ndani ya ua na lina watazamaji pande tatu, kimo chake kama mita moja na nusu. Wengi hukimbilia katikati, ukingoni kabisa, wakaegemeza viwiko kwenye mbao. Raha ipo, ila shingo inainuka tangu mwanzo hadi mwisho, na mwigizaji akirudi nyuma ya jukwaa unaona kichwa na mabega tu. Sisi tunapendekeza kona ya mbele, kushoto au kulia: nguzo mbili kubwa zinazobeba paa la jukwaa hazikuzibi sana, na ukichoka unaegemea ukingo. Ukikosa kona, rudi nyuma kabisa, uegemee ukuta wa roshani. Hapo jukwaa zima linaonekana.

Taa za ua hazizimwi mchezo ukiwa usiku, kwa hiyo mwigizaji anakuona kama unavyomwona. Anakuuliza swali machoni na kungoja. Huo ndio utamu wenyewe, na aliye roshani ya juu anaupata kwa mbali. Ukaribu huo pia unaonyesha mavazi, jambo lililokula fedha kuliko maandishi: siku hizo tamthilia mpya ilinunuliwa kwa kama paundi 6, ilhali joho moja la mahameli la mwigizaji Edward Alleyn lilizidi paundi 20.

Kisichopatikana tena ni msongamano. Globe ya zamani ilimeza watu hadi 3,000. Ya sasa, kwa kanuni za usalama, inaishia takriban 1,500, na kati yao wa kusimama ni kama 700. Umati wa uani kwa hiyo una nafasi ya kupumua, lakini kicheko hakigongi kuta kwa nguvu ambayo jengo lingeweza kubeba. Hasara hiyo ni ya kweli, ingawa hatuoni namna ya kuiepuka.

Mvua ikinyesha mchezo hausimami, na mwavuli hauruhusiwi kwa kuwa unawaziba wa nyuma. Njoo na koti la mvua lenye kofia, na viatu vya soli nene, maana kuketi chini wakati wa mchezo ni marufuku na mchezo unaweza kuchukua muda wa saa tatu.

Mwenye mgongo au magoti mabovu asijilazimishe. Achukue roshani ya chini, safu ya mbele, apate ubao wa kuegemea kwa mbele, au safu ya mwisho yenye ukuta nyuma. Safu za katikati hazina egemeo lolote. Akodi mto wa kukalia, kwani benchi ni ubao mtupu. Na kabla ya kulipa aulize kama kiti kiko nyuma ya nguzo.