Tucumán na Santa Cruz: majimbo mawili ya Argentina

Kwenye ramani, Santa Cruz haina mpinzani hapa: kilomita za mraba 243,943 kule Patagonia, kusini kabisa. Tucumán, kaskazini-magharibi, ina 22,524 tu. Ndilo jimbo dogo kuliko yote nchini. Sasa hesabu watu. Sensa ya 2022 ilikuta takriban milioni 1.7 Tucumán, na laki tatu na ushei Santa Cruz.

Chanzo kikubwa ni mvua. Mawingu yanayotoka mashariki hugonga milima ya Aconquija na kumwaga maji yote upande huo, ndiyo maana miwa na malimau yamejaa bondeni na vijiji vimebanana. Santa Cruz ni nyika kavu yenye upepo usiokoma, kondoo na visima vya mafuta. Kwa mandhari, hata hivyo, naipa ushindi bila kusita: ina barafu ya Perito Moreno, na Laguna del Carbón, ziwa la chumvi lililo mita 105 chini ya usawa wa bahari.

Wilaya zipo kote, 17 Tucumán na 7 Santa Cruz, ila hazina serikali zake. Mamlaka yako kwenye manispaa. Tucumán huongeza komuna (serikali ndogo za mitaa) 93 za vijijini, kila moja na kiongozi wa kuchaguliwa. Bunge la jimbo la Santa Cruz lina wabunge 24, na 14 kati yao huwakilisha manispaa, mmoja mmoja. Hivyo kamji kadogo kana kiti sawa na Río Gallegos, makao makuu. Wakazi wa mjini wana haki ya kununa.