Miezi saba na gari ya 310

Vespa yangu niliiuza mwezi wa Rajabu. Fundi alikwisha kuniambia mara mbili kwamba injini inataka pesa nyingi kuliko bei ya Vespa yenyewe, mara ya tatu sikumngoja aseme. Nilipomkabidhi mnunuzi ufunguo nilijiambia nitapanda gari za abiria, daladala, wiki mbili tatu hivi, mpaka nipate chombo kingine. Sasa tuko Mfunguo Nne, yaani Muharram, na bado napanda gari. Nalala Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa mama, kazini ni Mwanakwerekwe, huku upande wa mjini, siku sita kwa wiki. Hivyo haya si maoni ya mtu aliyepanda mara moja akapiga picha.

Kwa mgeni wa namba zetu: gari zinazoanza na mia tatu zinakwenda kusini. 310 ni Makunduchi, 309 Jambiani, 326 Kizimkazi. Za kaskazini ni mia na kitu, 116 Nungwi, 118 Matemwe. Za mjini ni mia tano, 502 Bububu, 505 Uwanja wa Ndege. Watoto wetu wanazijua namba hizi kabla ya kujua kusoma.

Njia yetu ina gari za aina mbili, na hapa ndipo maoni yangu yanapoanza kugawika. Kuna kosta, zenye viti vya kitambaa na vioo, kila mtu anatazama kisogo cha mwenziwe. Na kuna zile za zamani, lori dogo lililojengewa bodi ya mbao nyuma, paa la chini, mabenchi mawili marefu ubavuni na turubai la kuteremsha mvua ikija. Nilipoanza nilikuwa naziacha za mbao zipite. Nasubiri kosta, nakaa dirishani, naweka spika za simu masikioni. Siku hizi nafanya kinyume, na nitaeleza.

Gari ya mbao unaingia kwa kuinama. Ukiinama, kichwa kiko mbele ya magoti ya watu wazima, huwezi kukaa kimya. Unatoa salamu, "Asalaamu alaykum," na gari nzima inajibu. Halafu unakaa mkitazamana. Goti lako na la mzee wa mbele yanagusana mpaka Tunguu, ambako wanafunzi wa chuo kikuu wanashuka na watu wanapumua. Kwa namna hiyo ya kukaa, hakuna habari inayopotea. Nimejua misiba ndani ya gari kabla ya kutangazwa msikitini. Nimejua nani anauza mbuzi, nani anaposa, mtoto wa nani kafaulu. Mwezi wa Ramadhani, siku tuliyochelewa njiani na jua likatuchwea tukiwa karibu na Kitogani, tende zilitoka kwenye mikoba ya akina mama watatu nisiowajua, zikapita mkono kwa mkono mpaka kwa dereva. Siku ya namna hiyo ndani ya kosta kila mtu angefungua kopo lake la maji peke yake. Sisemi kwamba watu wa kosta ni wachoyo, hata mimi nilikuwa mmoja wao. Ni viti tu vilivyopangwa vile.

Lakini kama ni kusema thamani ya kweli ya gari hizi, basi iko juu, kwenye paa. Mimi niliyekuwa na Vespa sikuijua, kwa sababu Vespa hubeba mtu na mfuko mmoja kwenye ndoana. Asubuhi, kabla abiria hajapanda, paa limeshapanda: mapakacha ya muhogo na ndizi, mapolo, kuku waliofungwa miguu, baiskeli ya mtu, godoro la biarusi, ndoo ya pweza iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni. (Usikae chini ya ndoo ya pweza ukiwa na kanzu ya Ijumaa. Nimelipia somo hilo.) Na nusu ya mizigo hiyo haina mwenyewe ndani ya gari. Mama anampa utingo pakacha pale njiani, analifunga kamba nyekundu, ananipigia simu: "Mwanangu, lipokee, lina kamba nyekundu, utampa utingo chochote." Hakuna risiti. Hakuna fomu. Kwa miezi saba hakijapotea kitu hata kimoja, ila mananasi mawili, na yale nina hakika yaliliwa na kima pale Jozani, maana hapo matuta ni mengi na gari inakwenda mwendo wa konokono. Utingo ndiye aliyetoa kisingizio hicho na mimi nimekikubali kwa mapenzi.

Kwetu kuna mama mmoja anatengeneza sabuni za mwani. Kilimo cha mwani pwani yetu ya mashariki kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kimekuwa zaidi mikononi mwa wanawake. Wengi wanauza ukiwa mkavu kwa kilo, bei wanapangiwa. Huyu akaamua kupika sabuni. Duka linalomnunulia liko mjini. Nilimuuliza, "Bi mkubwa, mbona sikuoni garini?" Akacheka. Kwa nini apande? Akipanda yeye analipa nauli kwenda na kurudi, na siku nzima inakufa, hapiki sabuni wala haendi ufukweni maji yakitoka. Sanduku likipanda peke yake linalipiwa kidogo, na jioni pesa inarudi kwa simu. Biashara yake yote imesimama juu ya gari ambayo yeye mwenyewe anaipanda siku za sikukuu na za kliniki tu.

Na kliniki nayo. Siku moja dawa za presha za mama zilimalizika, na pale kijijini alikoulizia aliambiwa asubiri. Nikanunua huku Mwanakwerekwe wakati wa chakula cha mchana, nikaziandika jina lake kwa kalamu ya wino, nikampa utingo wa gari iliyokuwa inatoka. Alasiri mama ananipigia: ameshameza. Hapo nilipiga hesabu ya zamani. Zama za Vespa ningeomba ruhusa kazini, nikimbie kilomita sitini na kitu, nirudi usiku. Au, tuseme kweli, ningesema kesho.

Pesa, kwa wanaotaka kujua. Sikuandika kila shilingi, ila nina daftari la mafuta la mwaka jana. Vespa ilikuwa inanila karibu mara mbili ya nauli ninayolipa sasa, kabla sijahesabu mipira na fundi. Teksi kwenda pwani hiyo hiyo, hiyo tuiache kwa wageni. Kwa upande wa muda, Vespa inashinda bila ubishi. Saa moja na ushee ilinitosha. Gari inataka saa moja na nusu mpaka mbili, na hiyo ni kuanzia inapoondoka.

Sasa malalamiko, na ninayo.

La kwanza ni kujaza. Gari haina saa ya kuondoka, ina idadi. Nilikuwa nikidhani ni ukaidi wa madereva mpaka mmoja, mtu mzima mwenye subira, akanifafanulia siku niliyokaa naye mbele. Gari si yake. Kila jioni lazima ampelekee tajiri hesabu iliyokubaliwa, iwe mvua iwe jua. Mafuta anaweka yeye. Kinachobaki juu ya hesabu na mafuta ndiyo riziki yake na ya utingo. "Sasa ami," akaniambia, "nikiondoka na viti sita vitupu, vile viti nimevilipia mimi." Ukishajua hivyo unaelewa mengine yote bila kuelezwa: kwa nini watu wanne wanakaa benchi la watatu, kwa nini gari mbili zikikutana njiani zinafukuzana kuwahi abiria wa Muyuni, na kwa nini wanafunzi wanaachwa.

Hili la wanafunzi ndilo linaloniuma. Mwanafunzi analipa pungufu ya mtu mzima, ni haki yake, lakini tofauti ile hailipwi na yeyote ila dereva. Basi saa saba mchana utawaona watoto wa skuli barabarani, shati jeupe na ushungi mweupe, wamenyoosha mikono, na gari inapunguza mwendo, inawatazama, inaondoka. Nimekuwa ndani ya gari hiyo. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku nyingine bibi mmoja, mwembamba, sauti yake ndogo, aligonga paa mwenyewe. Gari ikasimama. Akamwambia utingo, "Babu, hawa ndio watakaokuzika." Wakapanda saba, wakakaa juu ya magoti yetu, na mimi nilishikishwa begi tatu na jiko la majaribio ya sayansi. Lakini bibi yule hapandi kila siku. Mimi naona, kama jamii inataka mtoto alipe nusu, basi ile nusu ya pili isiachwe iwe ugomvi kati ya mtoto na utingo. Mwenye hesabu yake ahesabiwe.

La pili, usiku. Baada ya Magharibi gari za kwetu zinakuwa haba, na baada ya Isha ndio basi tena. Anayefanya kazi hotelini zamu ya jioni hana njia ila kulala huko au kulipa bodaboda. Na kuna mchezo wa kukatisha. Mwezi wa masika nilipanda gari moja, sitaitaja, mwenyewe akisoma hapa atajijua. Tumefika Kitogani, abiria tumebaki watano, mvua inapiga turubai kama ngoma, dereva anasema anageuza. Nauli tumeshalipa nzima. Hakurudisha kitu. Tulisimama kibarazani kwa mtu karibu saa nzima, mpaka lori la mchanga likatuhurumia. Niliposhuka kwetu nilikuwa sijulikani mtu au tofali.

Safari nyingine, ndani ya kosta, nilikaa na mzee wa Bububu aliyekuja kuzika huku. Alipoona nanung'unika kuhusu kukatishwa akaniuliza kama naijua habari ya reli. Mwanzoni mwa karne iliyopita kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka pale Forodhani, karibu na Ngome Kongwe, mpaka Bububu, kama kilomita 11, ikipita katikati ya vichochoro vya mji karibu na milango ya watu. Mwaka 1922 ikaacha kubeba abiria. Barabara na motokaa zilikwisha kuichukulia watu wake. Mzee alisema babu yake aliipanda, na alichokikumbuka zaidi ni moshi kwenye nguo nyeupe. Halafu akaniambia jambo ambalo nimelifikiria sana: watu wa Bububu hawakuililia treni siku ilipokwisha, kwa sababu motokaa iliwafikisha na mizigo yao pale pale walipotaka. Sikuwa na la kumjibu, tukazungumza bei ya karafuu.

Nimelitaja hilo kwa sababu kila mtu anasema gari za mbao siku zake zimehesabika. Huenda. Sitetei mbao zilizooza, wala mlango mmoja wa nyuma ambao mzee mwenye miguu mibovu anaupanda kwa kubebwa, wala wingu la moshi unalolivuta ukikaa karibu na ngazi. Kosta ni salama zaidi, mvua haikupati, na mama mjamzito anakaa kwenye kiti cha haki. Ila hizi za kwetu ninazozipanda hazina keria juu, na chini ya viti hapaingii ila mkoba. Utingo wake anapokea bahasha, pakacha anakataa. Yule mama wa sabuni ameshaanza kulalamika: asubuhi ikija kosta mbili mfululizo, sanduku lake linabaki kibandani mpaka saa nne. Kama mtu ananiuliza, nitasema leteni gari mpya, nyingi, na ziondoke kwa saa, lakini wekeni paa. Na kama inawezekana, hata safu moja tu ya viti vya kutazamana.

Vidokezo kwa anayetaka kujaribu. Asubuhi wahi kabla ya saa kumi na mbili na nusu, baada ya hapo utasimama. Weka nauli kamili mkononi, utingo hana chenji mpaka Tunguu. Wiki ya Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, usitegemee kiti, mji mzima unahamia Makunduchi. Ukitaka kushuka gonga paa mapema, maana breki zinafikiri kwanza.

Kwa nyota, natoa tatu na nusu. Ile nusu ni ya dawa za presha. Moja na nusu zilizobaki wanazo wale watoto wa saa saba.

Aliyenunua Vespa yangu alinipigia juzi, inamsumbua, ananiuliza kama naitaka tena kwa bei ya chini. Nikamwambia nitafikiri. Kesho Jumamosi narudi na kiti cha mbao nilichomnunulia mama, cha kusalia, magoti yake hayakunji tena. Nimeshamuuliza utingo wa kosta ya jioni, anasema hakipandi. Nitasubiri ya mbao.