Kesi yangu ya fidia ya ajali iliishia barazani, hakimu hakunisikia

Nilipokuwa natafuta wakili wa kesi ya ajali, kila niliyemuuliza alinijibu "nenda kwa fulani, ni mkali." Hakuna aliyenieleza kesi yenyewe huendaje. Basi naeleza yangu. Jina la ofisi silitaji. Nyota nawapa tatu kati ya tano.

Februari 2022 matatu niliyopanda Mombasa ililivaa lori kwa nyuma, kifundo cha mkono wangu wa kushoto kikavunjika. Mimi ni fundi cherehani. Mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa chini ya sindano, kwa hiyo wiki tisa mashine ililala imefunikwa shuka.

Bahati yangu ni dada yangu. Siku ile ile alikwenda kituo cha polisi kuhakikisha ajali imeandikwa, baadaye akafuatilia abstrakti, yaani karatasi ya polisi yenye maelezo ya ajali, na fomu ya P3 ya kueleza majeraha, ambayo daktari aliijaza. Abstrakti ndiyo iliyotuonyesha namba ya gari, mwenyewe na kampuni ya bima. Wakili alipoiona alifurahi kuliko alivyoniona mimi. Sheria ya Kenya inakupa miaka 3 kufungua kesi ya namna hii, lakini ukisubiri mpaka mwaka wa tatu, makaratasi utayatafuta wapi?

Abiria hashiki usukani, kwa hiyo suala la nani mwenye kosa halikuchukua muda. Ubishi ukawa mkanda. Bima walisema sikufunga, na kweli sikufunga, maana kifungio cha kiti kile kilikuwa kimevunjika. Nendeni mkakithibitishe hicho kifungio miaka miwili baadaye! Mawakili wakaafikiana 90 kwa 10, yaani asilimia 10 ya lawama nikaibeba mimi. Roho iliniuma, na bado inaniuma.

Kabla ya hapo bima walinipeleka kwa daktari wao. Alinipa chupa ya maji akaniambia nifungue kifuniko kwa mkono ule mbovu. Nikajikaza kisabuni, kikafunguka. Ripoti yake ikaandika kwamba mkono umepona vizuri! Daktari wa upande wetu alikuwa ameandika maumivu na udhaifu wa kushika. Hapo ndipo nilipowalaumu watu wangu: kwa nini hakuna aliyeniambia mapema nisijifanye shujaa, niseme panapouma?

Siku ya kusikizwa, Mei 2024, nilivaa buibui jipya nikajiandaa kusema yote. Sikuingia hata ndani. Mawakili wawili walisimama barazani, wangu na wa bima, kila mmoja ameshika hukumu za kesi za watu wengine waliovunjika mikono, wakilinganisha kiasi walicholipwa. Wa bima alianza na 180,000. Wangu akacheka, akaenda pembeni kupiga simu, akarudi. Mwishowe akaandika 400,000 mgongoni mwa bahasha akanionyesha: "Mama, tukubali hii?" Nikamuuliza tukikataa itakuwaje. Akasema hakimu anaweza kutoa zaidi, anaweza kutoa pungufu, na bima wana haki ya kukata rufaa. Nikakubali. Hakimu alisomewa makubaliano, akayaandika, basi.

Hizo 400,000 ni za maumivu. Gharama za matibabu zililipwa kwa risiti tu, shilingi kwa shilingi: 31,650, nyingi zikiwa za M-Pesa. Tuktuk za kwenda kliniki hazikuhesabiwa, maana dereva wa tuktuk hakupi risiti. Hasara ya wiki tisa bila kushona pia ilidondoka, kwa kuwa daftari langu la wateja lilikuwa na majina na vipimo lakini bei hakuna. Jumla 431,650, toa asilimia 10, zikabaki 388,485.

Jirani alinitisha kwamba wakili atachukua theluthi. Sheria ya Mawakili ya Kenya haimruhusu wakili kukubaliana na mteja kwamba atalipwa kesi ikishinda tu, kwa hiyo mtu akikuambia "tutagawana tukishinda," ogopa. Sisi tuliandikiana ada ya 60,000 mwanzoni kabisa, na gharama nyingine za kesi zikalipwa na bima. Hapo nawasifu.

Ila cheki ilipoingia akaunti yao ilinichukua wiki saba kupata changu. "Wakili yuko kortini." "Mhasibu hajafika, dada." Nilipotaja Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, pesa zilikuja kwa siku mbili, na wakili mwenyewe alinipigia simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tujuane.

Sasa mkono unauma nyakati za baridi, na daktari wa kliniki anaitaka ile eksirei ya kwanza alinganishe. Iko ndani ya faili lao. Wameniambia nipite Jumatatu, na hii inayokuja ni Jumatatu ya tatu.